Ndege ya Mabawa Pacha Hurushwa Kwanza Mezani

Ndugu msomaji, mtazame mtoto anayekunja karatasi ya daftari kutengeneza ndege. Anairusha mara ya kwanza, nayo inatangulia kichwa na kuanguka puu. Anaiokota, anakunja kidogo pembe za mkiani kuelekea juu, anairusha tena. Sasa inapanda ghafla, inasita hewani, kisha inarudi kinyumenyume. Anaiokota mara ya tatu na kuiongezea mkunjo puani ili iwe nzito mbele. Hapo ndipo inapoteleza hewani kwa utulivu mpaka ukutani. Hakuna aliyemfundisha. Alichokuwa akikitafuta ni mizani, na mizani hiyo aliitafuta akiwa amekaa chini, wala si wakati karatasi ilipokuwa hewani.

Makala haya yanakuletea kazi iliyo ndugu mkubwa wa karatasi ile: kuunda ndege ya mfano yenye mabawa pacha, yaani bawa moja juu na jingine chini yake, inayoongozwa kwa redio na mtu aliyesimama ardhini. Ni kazi ya miezi, si ya siku mbili. Hula fedha ambazo mfanyakazi huzipata kwa jasho, na hula saa za jioni ambazo familia nayo inazidai. Kazi yote hiyo yaweza kuangamia katika sekunde ishirini za kwanza za kupaa. Aghalabu aliyeipoteza ndege yake hulaumu upepo au redio. Lakini mabaki yakichunguzwa vizuri, mara nyingi huonekana kwamba kosa lilikuwapo tangu ndege ilipokuwa ingali mezani.

KWA NINI MABAWA PACHA?

Tarehe 17 Desemba, 1903, karibu na kijiji cha Kitty Hawk katika jimbo la North Carolina, Marekani, Orville Wright alipaa kwa sekunde 12 na kwenda umbali wa meta 37 hivi. Ndege aliyoilalia kifudifudi ilikuwa ya mabawa pacha. Siku hiyo yeye na kaka yake Wilbur waliruka mara nne, na safari ndefu kuliko zote ilichukua sekunde 59.

Hawakuchagua mabawa pacha kwa ajili ya urembo. Bawa moja refu la mbao nyepesi na kitambaa huvunjika upesi. Lakini ukiweka moja juu na moja chini, ukayaunganisha kwa nguzo za wima na waya za mshazari, unapata umbo ambalo fundi yeyote wa nyumba analifahamu: ni kenchi ya paa. Mbao nyembamba zikishikana kwa pembetatu hubeba mabati ya nyumba nzima, na vivyo hivyo mabawa pacha hubeba ndege.

Afrika Mashariki nayo iliijua ndege hii. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways mjini Nairobi, na ndege yake ya kwanza ilikuwa Gipsy Moth, ya mabawa pacha. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililodumu hadi mwaka 1977, nalo lilipoanza safari zake mwaka 1946 lilitumia Dragon Rapide, ndege ya mota mbili na mabawa pacha, ambayo abiria wake walitazama nje kupitia msitu wa nguzo na waya.

Kwa mfano wetu wa leo tumechagua nduguye Gipsy Moth aliye mashuhuri kuliko wote, nayo ni Tiger Moth.

SOMO LA TIGER MOTH

Tiger Moth iliundwa Uingereza na kampuni ya de Havilland, ikaruka mara ya kwanza tarehe 26 Oktoba, 1931. Ilikuwa ndege ya kufundishia marubani, mwalimu akikaa mbele na mwanafunzi nyuma, wote vichwa wazi kwenye upepo. Zaidi ya ndege 8,000 za aina hiyo zilitengenezwa.

Historia yake ina jambo moja ambalo kila mtengenezaji wa ndege ya mfano angepaswa kulibandika ukutani. Katika ndege zilizoitangulia, aliyekaa kiti cha mbele alikuwa chini ya bawa la juu, amezungukwa na nguzo. Ndege ikipata ajali, ilikuwa taabu kwake kutoka na mwavuli mgongoni. Jeshi la Anga la Uingereza likataka mtu huyo apate njia. Mafundi wakaisogeza mbele sehemu ya katikati ya bawa la juu. Lakini kusogeza bawa mbele ni kusogeza mbele nguvu inayoinua ndege, na matokeo yake ndege huwa nzito mkiani. Ikabidi warudishe nyuma ncha za mabawa ili mizani irejee mahali pake. Ndiyo maana ukiitazama Tiger Moth kutoka juu, mabawa yake yanaelekea nyuma kidogo.

Tazama basi, msomaji: hata wataalamu waliokuwa na kiwanda kizima hawakuweza kugusa kitu kimoja bila kulipia mahali pengine. Nawe mezani kwako hutaweza.

Tiger Moth inahusiana na redio pia. Mwaka 1935 Waingereza walitoa ndege iliyoitwa Queen Bee, yaani malkia wa nyuki. Ilikuwa na mabawa ya Tiger Moth na kiwiliwili cha mbao, nayo iliongozwa kwa redio bila mtu ndani, ili wapiga mizinga wa majini wapate shabaha ya kujifunzia. Mwongozaji alitoa amri kwa kuzungusha kidude kama kile cha simu za zamani. Inasemekana ndipo lilipotoka jina la droni, ambalo kwa Kiingereza ni nyuki dume.

MEZA, WEMBE NA PINI

Sasa tuingie kazini. Tuchukue mfano ambao kila kipimo cha ndege halisi kimegawanywa kwa sita. Ndege halisi ina upana wa meta 8.94 kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Ya kwetu itakuwa na sentimeta 149. Urefu utakuwa sentimeta 122 hivi, na upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, sentimeta 22. Ikikamilika, ndege ya kadiri hiyo ina uzito wa kilo mbili au zaidi kidogo.

Ubao unaopendwa kuliko wote kwa kazi hii ni balsa, mti wa Amerika ya Kusini ambao kwa sehemu kubwa hutoka Ecuador. Ni mwepesi mno, hukatwa kwa wembe, na hukubali gundi upesi. Asiyepata balsa ya kutosha anaweza kutumia polistairini, ile nyeupe inayofungiwa friji na televisheni madukani, mradi achague gundi yake kwa uangalifu. Supaglu na gundi nyingine za harufu kali huiyeyusha polistairini kama sukari kwenye chai. Mianzi iliyochongwa nyembamba nayo hufaa kwa nguzo ndogo.

Kitu cha kwanza kutafuta si ubao wa ndege bali ubao wa kujengea: mlango wa zamani usiopinda, au kipande kinene cha plaiwudi. Kama meza imepinda, bawa litapinda, na bawa lililopinda halinyooki kwa maombi. Tandaza ramani juu ya ubao, funika kwa nailoni inayopitisha mwanga ili gundi isishike karatasi, kisha jenga juu yake moja kwa moja, ukishikiza kila kipande kwa pini mpaka gundi ikauke.

Anza na mkia, kwa sababu ni mdogo na utaufundisha mkono wako. Kisha ingia kwenye mabawa. Kila bawa lina mihimili miwili inayopita kutoka kiwiliwilini hadi nchani, na mbavu zinazokaa juu ya mihimili hiyo kama mbavu za samaki. Kati ya mhimili wa juu na wa chini tia vibao vidogo vya kusimama. Vibao hivyo havionekani bawa likishavishwa, na kwa hiyo mwenye haraka huviacha. Ndivyo vinavyozuia bawa kuvunjika ndege inapotoka kwenye mteremko.

Kiwiliwili hujengwa kwa pande mbili, wa kulia na wa kushoto. Upande wa pili ujengwe juu ya ule wa kwanza, nailoni ikiwa katikati, ili ziwe sawa kabisa. Upande mmoja ukizidi mwingine kwa upana wa kucha, mkia utaangalia pembeni, na ndege itakwenda mshazari kama kaa.

Mwisho ni kuivisha. Tiger Moth halisi ilivishwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukaza. Ndege za mfano za siku hizi aghalabu huvishwa karatasi maalumu ya plastiki inayoshikishwa na kukazwa kwa pasi. Fanya upande wa chini na wa juu kwa zamu, kidogo kidogo, maana pasi ikikaza upande mmoja tu, bawa zima husokoteka.

PIMAMAJI, UZI NA MILIMETA NNE

Hapa ndipo ndege ya mabawa pacha inapoachana na ndege ya bawa moja. Bawa moja likikosewa, una kosa moja. Mabawa pacha yana kosa la bawa la juu, la bawa la chini, na kosa la tatu la namna yanavyotazamana.

Weka ndege mezani, inyanyue mkia kwa vitabu mpaka bawa dogo la mkiani liwe limelala sawasawa kwa pimamaji. Sasa pima kwa rula kutoka mezani hadi ukingo wa mbele wa bawa kubwa, kisha hadi ukingo wa nyuma. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo pembe ya bawa. Katika bawa letu la sentimeta 22, tofauti ya milimeta 4 tu ni sawa na nyuzi moja nzima. Ramani nzuri hutaja pembe ya kila bawa. Ifuate, wala usikisie. Linganisha kulia na kushoto, maana bawa la kulia likiwa na nyuzi moja zaidi ya la kushoto, ndege itataka kubingirika tangu inapoacha ardhi.

Kisha chukua uzi usionyumbuka. Pima kutoka ncha ya bawa la kulia hadi katikati ya mkia, halafu kutoka ncha ya kushoto hadi pale pale. Urefu uwe mmoja. Rudia kwa bawa la juu. Ning'iniza timazi kutoka bawa la juu kuona kama limekaa mbele ya lile la chini kwa umbali uliotajwa kwenye ramani, pande zote mbili sawa.

Nguzo zinazoshika bawa la juu zisitiwe gundi ya mwisho kabla vipimo vyote hivi havijakubaliana. Waya za mshazari nazo zikazwe kwa kiasi tu, mpaka ziache kulegea. Fundi anayevuta waya mmoja mpaka ulie kama zeze amelisokota bawa alilohangaika wiki tatu kulinyoosha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa wenyewe ni milimeta nne.

KITOVU CHA UZITO

Kama kuna jambo moja tu utakalolikumbuka katika makala haya, na liwe hili. Kila ndege ina mahali ambapo ukiinyanyua kwa vidole viwili itakaa sawa, pua isilale wala mkia usilale. Hicho ndicho kitovu cha uzito. Kikiwa mbele mno, ndege hukataa kuinua pua, na kutua kwake huwa kwa kishindo. Kikiwa nyuma mno, kila mguso mdogo wa mkono huwa msukosuko mkubwa hewani, na binadamu hana kasi ya kuuzuia. Mafundi wana msemo kwamba ndege nzito puani huruka vibaya, lakini nzito mkiani huruka mara moja tu.

Kwa ndege ya bawa moja, kitovu hutafutwa karibu na robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Kwa mabawa pacha yanayolingana hapana budi kufikiria bawa la tatu, lisiloonekana, lililo katikati ya yale mawili. Tuseme bawa la chini liko nyuma ya la juu kwa sentimeta 8. Bawa letu la kufikirika linaanza katikati ya umbali huo, yaani sentimeta 4 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa la juu. Robo ya sentimeta 22 ni 5.5. Jumlisha: kitovu kiwe sentimeta 9.5 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa la juu. Na kwa kuwa mabawa ya Tiger Moth yanarudi nyuma, kipimo hicho kichukuliwe katikati ya bawa, nusu ya njia kati ya kiwiliwili na ncha. Kama ramani yako inatoa namba yake, iamini ramani, na hesabu hii iwe ya kuihakiki.

Pima ndege ikiwa kamili, na betri yake ndani. Kama mkia unalala, jambo la kwanza ni kusogeza betri mbele. Ikishindikana ndipo utie risasi puani, nawe utalipa riba. Mkia wetu uko sentimeta 80 nyuma ya kitovu, na pua ina nafasi ya risasi sentimeta 25 tu mbele yake. Gramu 10 za gundi ulizomwaga mkiani kwa uzembe zitadai gramu 32 za risasi puani. Ndiyo sababu mafundi hujenga mkia kwa ubahili.

Usisahau mizani ya pembeni. Ishike ndege puani na mkiani, uone bawa gani linashuka. Kipande kidogo cha risasi katika ncha ya upande mwepesi humaliza shauri.

REDIO NA MIKONO YAKE

Redio ya kuongozea ina sehemu mbili: kisanduku chenye vijiti viwili unachokishika mkononi, na kipokezi kidogo kilichomo ndani ya ndege. Kipokezi hupeleka amri kwa vijimashine viitwavyo sevo, navyo huvuta na kusukuma vibao vya ndege kwa vijiti vya chuma. Zamani watu wawili wenye masafa yale yale ya redio waliweza kuangushiana ndege bila kujua. Redio za leo, zinazotumia gigahezi 2.4, hujitafutia nafasi zao zenyewe, na ajali za namna hiyo zimekuwa adimu.

Amri za ndege yetu ni nne: kibao cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua, usukani wa kugeuza pua kulia na kushoto, vibao vya mabawani vya kuinamisha ndege upande, na mwendo wa mota. Katika Tiger Moth vibao vya mabawani viko kwenye bawa la chini peke yake.

Kabla ya kitu chochote, ondoa pangaboi kwenye mota. Usirekebishe redio sebuleni huku pangaboi likiwa mahali pake. Mota ya umeme hainguruma kuonya. Hungoja kimya, kisha huzunguka kwa amri ya bahati mbaya, nayo hukata vidole vya mkubwa na vya mtoto bila kubagua.

Washa redio, weka kila kijiti katikati, ndipo ufunge mikono ya sevo ikiwa imesimama wima kwa vijiti vyake. Halafu simama nyuma ya ndege, uangalie inakoangalia. Sukuma kijiti kulia: kibao cha bawa la kulia kipande juu, cha kushoto kishuke. Usukani kulia: ubao wa mkiani uelekee kulia. Vuta kijiti kwako: kibao cha mkiani kipande juu. Mwombe mwenzio, hata mtoto wa darasa la tano, akusomee orodha hii kwa sauti nawe uonyeshe. Vibao vya mabawani vilivyofungwa kinyume vimeangusha ndege nyingi sana, tena ndege zilizoundwa kwa ustadi.

Vibao vya mabawani vina siri yao. Kile kinachoshuka huvuta hewa kuliko kinachopanda, na pua hugeukia upande usiotakiwa. Katika mabawa pacha kasoro hii ni kubwa. Dawa yake ni kupanga sevo ili kibao kipande kwa wingi na kushuka kwa uchache, na rubani ajizoeze kutumia usukani pamoja na vibao kila anapokata kona. Mota nayo ifungwe ikiangalia chini na kulia kwa nyuzi mbili tatu, maana mzunguko wa pangaboi huvuta pua kushoto.

Kisha pima umbali wa redio. Kisanduku kizuri kina namna ya kupunguza nguvu yake kwa ajili ya jaribio hili. Rudi hatua thelathini, uone kama vibao bado vinatii. Panga pia kwamba mawasiliano yakikatika, mota izime yenyewe.

BETRI SI YA KUCHEZEA

Mama na baba, somo hili ni lenu hata kama hamtagusa gundi. Betri za lithiamu hubeba nguvu nyingi katika mwili mdogo. Kila selo moja ina volti 3.7; ikijaa hufika 4.2, wala haipasi kupita hapo. Ikishuka chini ya 3.0 huharibika. Betri yetu ya selo nne ikijaa ina volti 16.8. Ikichajiwa kwa chaja isiyo yake, au ikigongwa, au ikivimba na kuendelea kutumiwa, huweza kuwaka moto mkali.

Basi ichajiwe juu ya sakafu ya saruji, mbali na mapazia, kamwe si juu ya godoro, na mtu mzima awepo mpaka mwisho. Ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu. Betri iliyovimba isirudi tena ndegeni.

SIKU YA KIWANJANI

Ndege ya mabawa pacha si ya kuanzia. Asiyewahi kurusha ajifunze kwanza kwa ndege ya mazoezi yenye bawa moja la juu, na kwa programu za kompyuta za kujifunzia, ambamo kuanguka hakugharimu kitu. Tena asirushe peke yake, atafute aliyemtangulia.

Ziko pia sheria. Tanzania na Kenya kila moja ina mamlaka yake ya usafiri wa anga, na chombo chochote kirukacho bila rubani ndani kinawahusu. Usidhani kwamba kwa kuwa ni mfano tu utaachwa. Nenda ofisini kwao kabla hujaagiza kifaa chochote, uulize habari za kukiingiza nchini, za kibali, na za mahali pa kukirushia. Kiwanja cha mpira kilichozungukwa na nyumba hakifai. Kitu cha kilo mbili kikianguka kwa kasi ya pikipiki hakitofautishi kati ya paa, gari na kichwa cha mtu. Watazamaji wote, hasa watoto, wasimame nyuma ya rubani, na ndege isipite juu yao hata mara moja.

Chagua asubuhi isiyo na upepo. Elekeza pua kule unakotoka huo upepo mdogo. Ongeza mota polepole, ukinyoosha njia kwa usukani, acha mkia unyanyuke wenyewe, kisha uipe ndege nafasi ya kuondoka ardhini bila kuivuta. Ipande kwa mteremko mdogo. Ikifika juu ya kutosha, rekebisha mpaka inakwenda sawa ukiwa umeachia vijiti. Safari ya kwanza isizidi dakika tano. Wakati wa kutua, usizime mota ghafla. Mabawa manne, nguzo na waya huzuia hewa sana; mota ikizimwa, ndege hii hushuka kama mkungu wa ndizi. Iletwe na mwendo kidogo mpaka magurudumu yakaribie majani.

Ikianguka pamoja na yote hayo, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kusanya vipande vyote, hata vidogo, maana ramani ya kutengeneza upya imo humo.

Jambo gumu kuliko yote, hata hivyo, hutokea kabla ya kupaa. Umeamka alfajiri, familia imekusindikiza, mtoto amewaambia rafiki zake wa mtaani, na kila mtu anangoja. Unapima umbali wa redio, na sevo moja inatetemeka kidogo. Labda si kitu. Macho yote yako kwako. Hapo, ndugu msomaji, chomoa betri, ifunge ndege, umwambie mtoto neno fupi: bado. Ataona uchungu. Lakini njiani kurudi nyumbani mweleze sababu, na jioni mkae wote wawili mezani, kifuniko kiko wazi, taa iko karibu, mtafute sevo ile inatetemeka kwa nini. Nusu ya faida ya kazi hii iko katika saa hiyo, na hailipiwi kibali.

Jumapili nyingine itakuja. Kila la heri, na uwahi kiwanjani kabla upepo haujaamka.